Mto au bahari: kwa wanaoshuka Pangani kutoka Handeni na Korogwe

Kila likizo inapokaribia, vikundi vya Korogwe na Handeni huanza kuchangishana: walimu na wanafunzi wao, wanakwaya, wanachama wa VICOBA, familia zilizoamua kwamba mwaka huu watoto wataiona bahari. Njia inajulikana. Wa Korogwe anapita Segera hadi Muheza, kisha anaiacha barabara kuu na kuelekea Pangani. Wa Handeni anatokea Mkata au Korogwe, na wote wanakutana Segera. Basi linakodiwa, wali unapikwa usiku, na mtu mmoja anapewa kazi ya kutafuta boti. Huyo mmoja ndiye ninayemwandikia, kwa sababu akifika ukingoni ataulizwa swali ambalo mara nyingi hakulifikiria: mnapanda mto au mnatoka nje?

Majibu ya haraka huwa mawili. Mwenye hofu anasema mto, akiamini maji ya ndani hayana madhara. Mwenye hamu anasema bahari, kwa kuwa mto ameuacha nyumbani. Wote wawili wanaanzia pasipofaa. Swali hili halina jibu moja la mwaka mzima. Linajibiwa na mwezi wa kalenda, mwezi wa angani na saa mtakayoingia majini. Ukivijua hivyo vitatu kabla ya kukusanya michango utachagua vizuri, na zipo siku utakazovipata vyote, mto na bahari, kwa nauli ileile ya basi.

Nianze na mto, maana ndio unaowadanganya watu wa bara. Maji yanayopita Korogwe, yale mnayoyaita Ruvu, ndiyo hayohayo yanayofika Pangani. Yametoka Kilimanjaro na Meru, yakatulia Nyumba ya Mungu, yakapenya mabwawa ya Kirua, yakapokea Mkomazi na Luengera. Wapo wanaouliza kwa nini wasianzie safari nyumbani wakashuka na maji hadi baharini. Haiwezekani. Chini ya Korogwe mto unaporomoka. Pale Hale maji yanaingizwa kwenye mtambo wa umeme uliojengwa chini ya ardhi, wa megawati 21, unaofanya kazi tangu 1964. Mbele yake kuna maporomoko ya Pangani, yenye mtambo mpya wa megawati 68 uliokamilika 1995. Hata wapelelezi Waingereza Burton na Speke, walipotaka kufika Vuga kwa mtawala Kimweri mwaka 1857, waliingia mtoni Pangani kwa chombo, kisha wakauacha mto na kutembea kwa miguu.

Sehemu inayopitika kwa boti ni ile ya chini, kutoka mji wa Pangani kwenda juu, kwanza katikati ya mikoko, halafu minazi na mashamba ya zamani. Na sehemu hiyo inaitii bahari. Mara mbili kwa siku maji ya chumvi yanapanda na kuusukuma mto nyuma, mara mbili yanarudi. Aliyekulia kando ya mto unaokwenda upande mmoja usiku na mchana hana mazoea na jambo hilo. Anaweza kuona maji yametulia saa sita mchana, akadhani yatabaki hivyo, na saa nane akakuta mkondo unaovuta boti kwa nguvu kuelekea usikotaka. Mamba mtu huyo anawajua, kwa sababu wapo Korogwe pia. Basi asiwasahau akifika Pangani: hakuna kutumbukiza mikono majini, hakuna kuogelea mtoni, hakuna mtoto kukaa ukingoni mwa boti akining'iniza miguu. Juu zaidi mto una viboko, na nahodha mwenye busara hapiti kati ya kiboko na kina kirefu cha maji.

Wanaosema maji ya ndani ni salama kwa sababu nchi kavu iko karibu wakumbuke kivuko cha MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Hapakuwa na dhoruba. Kilikuwa kimebeba watu zaidi ya mara mbili ya uwezo wake, na zaidi ya 220 wakafa huku jamaa zao wakiwasubiri ufukweni. Miaka saba kabla, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, nayo ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Moja ziwani, moja baharini, na chanzo kimoja. Kwa hiyo kabla ya kujadili mawimbi, jadilini idadi ya watu kwenye chombo. Jambo hilo ninalirudia kwa kila kikundi kinachoniuliza, na sitachoka kulirudia.

Sasa bamvua. Hili ndilo somo ambalo mtu wa Handeni hakulipata nyumbani, nalo si gumu. Kila siku maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana: hayo ndiyo maji ya bamvua. Katika pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa siku hizo hukaribia mita 4, na hivyo mkondo wa mtoni huwa mkali. Mwezi ukiwa nusu, kwenye tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 za mwezi mwandamo, ni maji mafu. Yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, na mkondo ni mpole.

Kinachosaidia zaidi ni kwamba saa za bamvua hazibadilikibadiliki. Katika pwani ya Tanga na Unguja, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kwenye saa nne au tano asubuhi na kupwa jioni. Tazama kalenda yoyote inayoonyesha mwezi, kalenda ya msikitini inatosha, nawe utajua miezi kadhaa kabla ni tarehe zipi zinafaa safari ipi. Siku yenyewe saa zitasogea kidogo, na nahodha atakurekebisha, lakini hutafika Pangani kama kipofu.

Fikiria mmechagua Jumamosi ya bamvua. Mkilala Pangani Ijumaa, mnaweza kuondoka saa mbili asubuhi. Maji yanakupwa, mkondo wa mto unawasaidia kutoka, upepo bado haujaamka. Mnakwenda fungu la Maziwe, kilomita kama 12 kutoka mlango wa mto, na mnafika mchanga ukiwa wazi na mpana. Maji yakianza kujaa, mnapanda boti na kurudi. Safari hii mkondo unaingia nanyi. Mnakula, mnapumzika, na saa tisa mnapanda mto na maji yanayojaa hadi kwenye minazi. Maji yanatulia, mnageuza, na jua likielekea kuzama mnashuka na maji yanayorudi. Boti haikupigana na mkondo hata mara moja siku nzima, na hilo linaonekana kwenye mafuta. Hapa kikundi hakikuchagua kati ya mto na bahari. Kilipanga kipi kitangulie.

Jumamosi ya maji mafu ni habari nyingine. Asubuhi maji yanajaa, kwa hiyo asubuhi ni ya mto, hasa kwa wanaotoka Korogwe alfajiri na kufika saa tatu. Bahari siku hiyo inawezekana kama kumetulia, lakini mchanga wa Maziwe hautakuwa mpana. Mimi ningewashauri wabaki mtoni na ufukweni, nauli ya baharini waiweke kwa safari nyingine.

Mahali pa kuogopa zaidi si katikati ya mto wala katikati ya bahari. Ni mlango wa mto, pale maji mawili yanapokutana. Mto unapotoka kwa nguvu wakati wa kupwa na upepo unavuma kutoka baharini kuingia, mawimbi hupandana, yanakuwa mafupi na marefu kwenda juu, na kuna mafungu ya mchanga chini. Boti iliyotulia mtoni inaweza kuanza kurushwa ndani ya dakika chache. Ndiyo sababu nimesema saa mbili asubuhi, wakati upepo haujapanda. Yule anayewaambia mtoke saa saba mchana, upepo ukiwa umeshika na maji yakipwa, mwulizeni mara ya pili, akisisitiza, kaeni. Wanaotaka kuukwepa mlango kabisa wanaweza kuvuka kwa kivuko hadi Bweni, wakaenda Ushongo na kuanzia huko, ambako boti hutokea moja kwa moja ufukweni. Gharama ya gari inaongezeka, na lazima mjue kivuko kinafanya kazi hadi saa ngapi kabla ya kupanga kurudi.

Upepo una kalenda yake. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, kusi huanza Aprili na kukaza Juni hadi Agosti, na kati yake kuna matlai, hasa Oktoba na Novemba, bahari inapokuwa tulivu kuliko wakati wote. Wakati wa kusi mkondo wa bahari unaokwenda kaskazini kando ya pwani yetu huongezeka kasi pia, na boti yenye mashine dhaifu ikizimika haibaki ilipo. Sasa angalieni likizo za shule: moja ni Juni na Julai, nyingine ni Desemba. Wanafunzi wengi wa Korogwe huletwa Pangani Juni, kusi ikiwa imekaza, kwa sababu ndipo shule zimefungwa. Ushauri wangu kwa walimu hauna kona: Juni na Julai, mto. Desemba, bahari, asubuhi, kama hali ya hewa inaruhusu. Mwalimu aliyewaahidi watoto kisiwa mwezi wa Juni na aibadili ahadi darasani, siku mbili kabla, kuliko kuibadili ukingoni watoto wakiwa wamevaa nguo za kuogelea na kila mzazi mwangalizi ana maoni yake.

Masika ni wakati wa kuacha vyote viwili. Machi hadi Mei mto unakuja na magogo na matope ya nchi nzima iliyo juu yake, na mnachokitazama kinakuwa maji ya kahawia tu. Vuli nayo si ya kudharau. Mvua za Oktoba 2019 zilikata barabara Handeni na Korogwe, na maji ya mto yakateremkia Pangani. Kama huko nyumbani mvua imenyesha siku tatu mfululizo, msidhani Pangani kwenye jua ni salama; maji yenu yako njiani. Hapo mtu wa Korogwe ana faida ambayo hata mwenyeji wa Pangani hana, kwani anauona mto wa kesho leo. Mpigie nahodha simu umwambie ulivyo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kila siku na tahadhari inapobidi. Mkisikia maneno yale ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, na mkoa wa Tanga umetajwa, safari ya baharini imekwisha siku hiyo, hata kama anga ni jeupe. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani, vyombo vilizuiwa kusafiri, na walioona ni uoga walipewa jibu na bahari yenyewe. Sikilizeni utabiri jioni kabla ya kuondoka, si mkiwa Muheza njiani.

Maziwe panahitaji neno la ziada, kwa sababu watu huja na picha ya kisiwa chenye minazi. Zamani palikuwa na mivinje, na palikuwa mahali pakubwa pa kasa kutagia katika pwani ya Tanzania. Pakatangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 1975. Kisha bahari ikala ardhi, miti ikaanguka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na mti. Leo ni fungu la mchanga mweupe linalofunikwa maji ya bamvua yakijaa. Kasa wengine hawakuacha kuja, na kwa kuwa mayai yangeoza majini, watu wa Ushongo wamekuwa wakiyahamishia ufukweni kwao. Mtu anayejua hayo anapokanyaga mchanga ule anautazama kwa namna nyingine. Kwa upande wa maandalizi maana yake ni hii: hakuna kivuli, hakuna choo, hakuna maji ya kunywa. Bebeni kanga za kutosha kufunika vichwa, kofia, maji mengi kuliko mnavyodhani, na yeboyebo kwa kila mguu kwa ajili ya miiba na matumbawe. Taka zote zirudi nanyi. Matumbawe msiyakanyage wala kuyavunja. Kuna ada ya hifadhi. Mwulizeni mwenye boti kama iko ndani ya bei yake na mwombeni stakabadhi.

Boti yenyewe ikaguliwe na mtu wa kwenu, kwa macho yake, kabla ya fedha kutoka mkononi. TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ndiyo inayosajili na kukagua vyombo vidogo, na kila chombo cha abiria kinatakiwa kuwa na idadi ya watu kinaoruhusiwa kubeba. Uliza idadi hiyo, kisha hesabu watu wako pamoja na nahodha na mabaharia. Wakizidi, lipeni safari mbili au kodini boti ya pili. Siku za Idd na Krismasi, watu wakiwa wengi ufukweni, ndipo mtakapobembelezwa kuongeza "watatu tu". Kataeni. Jaketi okozi ziwe sawa na vichwa, na za watoto ziwe za watoto. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akianguka. Zivaliwe tangu ukingoni, mtoni na baharini, zisibaki zimerundikwa chini ya tanga. Tazama kama kuna nanga yenye kamba ndefu, kafi au pondo, upo wa kufulia maji, na mafuta ya akiba. Kwa safari ya nje ulizia mashine ya pili. Simu ya nahodha na yako ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na mtu wa nchi kavu abaki akijua mmeondoka saa ngapi na mtarudi saa ngapi.

Kwa mto mtumbwi wenye mashine ndogo au mashua unatosha, na ngalawa ni nzuri kwa watu wachache wenye subira. Kwa Maziwe ninapendelea boti pana yenye ubavu wa juu. Umri wa nahodha usikutishe wala usikutulize. Muulize maji yatajaa saa ngapi leo. Anayejua atajibu kabla hujamaliza swali.

Wapo watakaosikia kwamba Unguja iko ng'ambo, kilomita kama 50 tu kutoka Pangani hadi Nungwi, na kwamba kuna majahazi ya mizigo yanayovuka usiku kutoka bandari bubu. Hiyo si matembezi. Mkondo wa Pemba una kina kirefu, njia ni ndefu kwa chombo kidogo, na jahazi la mizigo halikujengwa wala kuruhusiwa kubeba familia. Wazigua wa Handeni wana kumbukumbu ya zamani ya kupanda chombo wasichokijua: katika njaa ya miaka ya 1830 mababu walishuka pwani wakitafuta chakula na wakajikuta wakipelekwa utumwani Somalia; wajukuu zao walirudi kama wakimbizi na kukaa Chogo, Handeni, wakiwa bado wanasema Kizigua. Anayetaka Unguja aende Dar es Salaam akate tiketi ya boti ya abiria.

Kuhusu kutapika: wengi wenu mtatapika mkitoka nje mara ya kwanza, na si aibu. Kunyweni chai na mkate mkavu asubuhi, acheni wali wa mafuta kwa mchana. Tangawizi husaidia wengine, na dawa za duka la dawa husaidia zikimezwa kabla ya kupanda, si baada. Kaeni katikati au nyuma ya boti, mbali na moshi wa mashine, macho yakiwa kwenye nchi kavu na si kwenye simu. Mjamzito, mwenye mgongo mbovu na mtoto mchanga waende mtoni. Mawimbi yanagonga uti wa mgongo vibaya kuliko barabara ya vumbi.

La mwisho ni la fedha, na ndilo linalowaponza watu wengi wenye akili timamu. Kikundi kikishalipa boti ya baharini yote, hakuna anayetaka kusikia kwamba leo hapana. Mweka hazina anaona hasara, nahodha anaona siku yake imepotea, na wote wawili wanaanza kuyaona mawimbi madogo. Kubalianeni mapema, na mbele ya mashahidi: malipo ya awali yawe kidogo, na kama nahodha au kiongozi wenu atasema bahari haifai, fedha hizo zihamie kwenye safari ya mto siku hiyohiyo, kwa bei iliyotajwa tangu mwanzo. Andikeni kwenye karatasi mbili, kila upande ubaki na moja.

Karatasi hiyo itaje pia tarehe kwa mwezi mwandamo, saa ya kuondoka, idadi ya watu na idadi ya jaketi. Mwenye boti akisita kuisaini, mjini Pangani kuna wenye boti wengine.